Mfalme kwenye c4

Binti yangu ameanza kujifunza kuandika michezo ya sataranji, mwendo kwa mwendo, na tangu hapo amejiteua mkaguzi mkuu wa nyumba. Jumapili alikuwa anafukunyua boksi langu la madaftari ya zamani, akaibuka na moja lenye jalada la kijani, kidole kakisimamisha kwenye mstari wa tatu.

"Baba, huyu kakosea. Mfalme amefikaje c4 mwendo wa tatu?"

Nikatazama. 1. e4 e5. 2. Nf3 Nc6. 3. Kc4. Mwandiko wa penseli, herufi kubwa zinazopanda mlima. Kwa yeyote aliyesoma maandishi ya sataranji, K ni mfalme, na hakuna mfalme anayetoka mraba wa e1 akatua mraba wa c4 kwa mruko mmoja. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekaa chini.

"Si mfalme huyo," nikamwambia. "Ni kichaa."

Daftari ni la yule dogo wa Nyarugusu, mwanafunzi wangu wa zamani. Nimeshamtaja humu mara mbili tatu, lakini habari ya usiku ule sijawahi kuieleza, na nadhani mtaona kwa nini.

Januari 2018. Bado nilikuwa nafundisha watoto sataranji Jumanne na Alhamisi kule kusini mwa Louisville, Kentucky, Marekani, mitaa ambayo ukisimama kituo cha basi unasikia Kinepali, Kisomali, Kihispania, na katikati yake Kiswahili cha Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, kinapita kama mtu uliyesoma naye. Dogo alikuwa na miaka minane. Kazaliwa kambini Nyarugusu, Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 wakati watu wanaikimbia vita ya Zaire. Kwa hiyo kazaliwa Tanzania kama mimi, ila karatasi zake hazikuwahi kukubali hivyo. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani Kibembe na Kiswahili. Halafu siku moja familia ikapandishwa ndege, na Kifaransa chote kikawa hakina kazi tena.

Sataranji alionjeshwa na baba yake mdogo, kwa Kifaransa, na Wafaransa ile kete ya askofu huiita mwendawazimu. Basi dogo akatafsiri, akabaki na kichaa chake. Farasi alikubali kumwandika N kama wenzake, lakini B ya askofu aliikataa kabisa. "Askofu anafanya nini ku vita, Mwalimu?" Sikuwa na jibu. Kichaa ilikuwa na maana: nani mwenye akili timamu atatembea mshazari maisha yake yote? Basi K ikawa ya kichaa, na mfalme akapewa M.

Drafti alikuwa anaijua kabla hata hajaona farasi wa mbao. Drafti ya vizibo, ubao umechorwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, kama tulivyocheza sisi Tanga. Siku ya kwanza alipofikisha askari mwisho wa ubao alimpindua kichwa chini akapiga kelele, "Kingi!" Nikamweleza kwamba kwenye sataranji askari akifika anakuwa malkia, ngome, farasi au askofu, chochote anachotaka, ila mfalme hawi. "Juu ya nini?" Kwa sababu mfalme ni mmoja. Akaniangalia kwa huruma. Kwao hata kizibo cha Fanta kilikuwa kinafika kikawa kingi.

(Huo mfano wa askari anayevuka ubao, msinipe. Nimeutumia mimi mwenyewe mbele ya wafadhili, nimekula nao chakula cha jioni. Nitarudi hapo.)

Siku yenyewe ilianza kuganda saa nane mchana. Si theluji, theluji ina adabu, unaiona inakuja. Ile ilikuwa mvua inayogeuka barafu ikigusa chini, barabara zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Wazazi wenye magari waliwahi kuchukua watoto. Msimamizi wa programu, ambaye nyumbani kwake ni ng'ambo ya mto, Indiana, aliondoka mapema, akaniachia funguo za kabati na orodha ya kusaini. Saa kumi na mbili kamili, muda wa kufunga, tulikuwa tumebaki watatu kwenye ukumbi: mimi, dogo, na mzee wa usafi.

Sheria naijua kwa moyo. Usimpandishe mtoto kwenye gari lako. Usimpeleke kwako. Usibaki naye peke yako. Mzazi akichelewa dakika 30 baada ya kufunga, piga namba iliyobandikwa ukutani, watakuja wanaohusika kumchukua. Nimeisaini kila mwaka.

Mama yake alikuwa kiwanda cha nyama ya nguruwe, zamu ya asubuhi inayoisha saa tisa na nusu, na siku zote alikuwa anafika saa kumi na moja na nusu kwa mabasi mawili. Nilimpigia mara sita. Simu haipatikani.

Glavu za dogo zilikuwa zimelowa. Moja nyekundu, moja ya kijivu, zote za mkono wa kushoto. Za msaada hizo, kwenye pipa la kanisa unachukua unachopata. Nilizitandaza juu ya hita ya ukutani, na baada ya dakika chache ukumbi mzima ukanuka mbuzi aliyenyeshewa. Dogo akasema, "Inanuka nyumbani." Sikuuliza nyumbani wapi.

Nikapanga ubao. Meza ya watoto, viti vya watoto, magoti yangu yamefika kifuani. Akachukua weupe, akafungua daftari la kijani, akaandika tarehe kwanza kama nilivyomfundisha. Kila mwendo: asogeze, aandike, atazame mlango. Asogeze, aandike, atazame mlango.

Saa kumi na mbili na nusu ilipofika, yule mzee wa usafi akaja akaegemea fimbo ya dekio. Alikuwa Mbosnia, walifika Louisville kwa wingi miaka ya 1990, na mtu wa huko humwambii kitu kuhusu sataranji. Akautazama ubao kwanza, mimi baadaye.

"Mama yake?"

"Yuko njiani," nikasema kwa Kiingereza. "Nimeongea naye sasa hivi."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kudeki korido ambayo nilishamwona akiideki.

Dogo hakunyanyua macho kwenye daftari. "Mwalimu, umesema uongo."

"Cheza."

"Hukuongea naye."

"Cheza, bwana."

Akacheza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu dukani, akauliza: "Mtoto akikosa wa kumchukua anapewa Wazungu?"

Mimi nilikuwa naisikia ile habari. Kwenye majengo yao ilikuwa inazunguka kama habari ya popobawa: fulani alichelewa, fulani alimchapa mwanawe, polisi wakaja, mtoto hakurudi. Uongo kiasi gani na kweli kiasi gani, hakuna aliyekuwa na takwimu. Nilimwambia hakuna wa kumpa mtu yeyote nikiwepo. Nilisema hivyo huku namba ikinitazama kutoka ukutani, karatasi ya njano, tarakimu kubwa.

Nilisimama mara moja kuiendea. Nasema hili ili msinivishe taji. Nilifika nusu ya ukumbi, nikakuta mzee wa usafi amerudi, safari hii hana dekio, kavuta kiti. Akaonyesha askofu wangu mweusi kwa kidevu na kuuliza dogo anamwitaje.

"Kichaa," akasema dogo, na mimi nikatafsiri.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kwao, akasema, huyo ni *lovac*, mwindaji. Dogo akataka kujua mwindaji gani anatembea mshazari. Mzee akainuka, mzee wa miaka sitini na ushei, akainama, akaanza kunyata kutoka pembe moja ya ukumbi kwenda pembe nyingine, mabega yameshuka, mikono imeshika bunduki isiyokuwepo, viatu vyake vya mpira vinalia kwenye sakafu aliyoisugua mwenyewe. "Ukimwendea mnyama moja kwa moja," akasema, "anakuona." Nikaongeza kwamba kwa Waarabu huyohuyo ni tembo. Dogo alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha kutoka tumboni, akaanguka kwenye kiti. Kisha akaandika kitu pembeni mwa daftari. Binti yangu alinionyesha Jumapili, nilikuwa nimekisahau: *tembo mwindaji kichaa padri*, mstari mmoja, bila nukta.

Nilirudi kukaa. Sikupiga.

Mama yake aliingia saa moja na dakika thelathini na tano. Mabasi ya jiji yalikuwa yamesimama, alikuwa ametembea. Sijui maili ngapi, na sikuthubutu kuuliza. Viatu vya mpira vya kiwandani, wavu wa nywele bado kichwani chini ya kitenge, suruali imeganda kuanzia magoti kushuka kiasi kwamba ilikuwa inagongana kama mbao. Simu yake, nilikuja kuelewa, ilizimika chaji: walizuiwa kutoka mapema, wakamaliza zamu kwa kuongezewa saa mbili.

Hakunitazama. Alimshika dogo tumbo, si kichwa, tumbo. "Umekula?"

"Biskuti."

Ndipo akanigeukia. Nitakiri: nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Nilikuwa nimeshapanga na jibu, lile la "hamna shida, mama." Nimekaa na mtoto wake saa moja na nusu, nimesema uongo kwa ajili yake, kazi yangu nimeiweka rehani.

"Mwalimu," akasema polepole, "wewe uko na nyumba?"

"Ninayo, mama."

"Na mke iko?"

"Yupo."

"Na moto unawaka?"

"Unawaka."

"Basi mtoto amekaa hapa juu ya nini?"

Nikaanza kueleza. Sheria za huku, mama, haturuhusiwi, mwalimu akimchukua mtoto kwake... Maneno yalikuwa yanatoka kwa Kiswahili lakini yalikuwa ya Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza karani.

"Sheria," akasema. Basi.

Niliwapeleka kwao kwa gari langu, taratibu kama jeneza. Glavu niliziweka juu ya dashibodi zimalizie kukauka. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika, aliposhuka na kuniambia "aksanti" ileile ambayo angempa dereva wa teksi. Kesho yake nilijaza orodha: muda wa kuondoka, 6:25 jioni. Hakuna aliyeniuliza, hadi leo.

Mengine ni ya haraka. Kiangazi kilipofika walihamia Iowa, kiwanda kingine cha nyama, dola mbili zaidi kwa saa. Mwaka uliofuata, Machi 2019, yule mtoto wa Kinijeria, Tani Adewumi, miaka minane, familia yake inaishi kwenye makazi ya wasio na nyumba huko Manhattan, akawa bingwa wa jimbo la New York kundi la darasa la tatu kushuka. Kila mtu akanitumia ile habari. Wafadhili wakauliza: na sisi tunaye wa namna hiyo? Nikawapa dogo, bila jina. Askari aliyevuka ubao. Walipenda sana. Sikuwaambia kwamba mchezo wa usiku ule uliishia mwendo wa 19, na kwamba nilikuwa nimemla farasi mzima bure. Mchezo wake ulikuwa wa kawaida. Mtoto alikuwa wa kawaida, na alihitaji glavu ya mkono wa kulia.

Aprili 2020, viwanda vya nyama vya Iowa vilipokuwa kwenye habari kila siku kwa wagonjwa wa korona, nilipiga ile namba ya mama yake. Haikuwa inatumika.

Siku hizi mimi ndiye ninayewafunda makocha wapya. Nawaambia dakika 30, piga simu, hakuna mjadala. Na sheria si ya kipumbavu. Mtu mbaya naye anaweza kununua ubao wa sataranji. Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza kama nimewahi kupiga. Nikamwambia tuendelee, muda unatubana.

Kuna kitu kimoja nilichomficha binti yangu Jumapili, nacho ni hiki. Alhamisi iliyofuata ule usiku, dogo alikuja na kopo la plastiki, lile la aiskrimu ya galoni nusu, limefungwa kwenye mfuko mara tatu. Ndani sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, na juu yake bonge la fufu katika karatasi ya nailoni, bado la moto. Zawadi za wazazi haturuhusiwi kupokea. Nilikula garini, injini inanguruma, kwa mkono, mpaka nikalamba kifuniko.

Tanga, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Niliwaza sukari. Niliwaza unga. Mke wangu akasema tuwapikie pilau, tukasema wikendi, ikapita, tukasema ijayo. Kopo bado lipo, kwenye rafu ya juu ya boksi la madaftari. Binti yangu anawekea humo askari wa ziada.