Hipokampasi moja, vipimo viwili: FreeSurfer na FIRST

FreeSurfer na FIRST ya FSL ni programu zinazopima sehemu za ubongo kwenye picha za MRI. Pitisha picha ileile ya T1 (aina ya picha ya MRI) kwenye FreeSurfer, kisha kwenye FIRST, na utapata hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, mbili za ukubwa tofauti. Hakuna programu iliyoharibika. Kila moja inakata mpaka kwa njia yake. FreeSurfer huipa kila vokseli (kijisanduku kidogo cha picha) lebo kwa kutazama mng'ao wake, mahali ilipo kwenye atlasi (ramani ya ubongo ya kulinganishia) na lebo za jirani zake. FIRST huanza na umbo la wastani, lililotokana na picha 336 zilizochorwa kwa mkono, na kulivuta hadi liikae picha yako. Ukilinganisha na mchoro wa mkono, FreeSurfer kwa kawaida huzidisha ujazo.

Usiidharau tofauti hiyo. Chukua hipokampasi ya milimita za ujazo 3,500. Hata ingekuwa tufe, uso wake ungekuwa na milimita za mraba 1,100 hivi. Sogeza mpaka nje kwa milimita 0.2 tu, umeongeza milimita za ujazo 220, zaidi ya asilimia 6. Na kwa kuwa ni ndefu tena imejikunja, ongezeko halisi ni kubwa zaidi. Mgonjwa wa Alzheimer hupoteza kama asilimia 4 hadi 5 ya hipokampasi kwa mwaka. Ukimpima mwaka huu kwa programu hii na mwakani kwa ile, kusinyaa kote kunaweza kufichika.

Kwa hiyo shika programu moja na toleo moja. Toleo likibadilika katikati ya utafiti, chakata upya picha zote, pamoja na za mwanzo. Wanaopimwa mara kwa mara wapitishe kwenye hatua za FreeSurfer za kufuatilia mtu mmoja kwa muda: -base (kiolezo cha mtu huyo kutoka picha zake zote) kisha -long (kila picha yake kwa kutumia kiolezo hicho).

Mtego mwingine uko ndani ya aseg.stats, faili la matokeo la FreeSurfer: safu za NVoxels (idadi ya vokseli) na Volume_mm3 (ujazo) hazilingani, kwani ya pili imerekebishwa kwa vokseli za mpakani zenye tishu mbili. Kwa FIRST, amri ya fslstats yenye -l 16.5 -u 17.5 -V huhesabu vokseli nzima za hipokampasi ya kushoto. Usiziweke namba hizo kwenye jedwali moja.

Kagua pia eTIV, makadirio ya FreeSurfer ya ujazo wa ndani ya fuvu. Hutokana na ulinganisho wa Talairach, yaani kulinganisha kichwa na kiolezo cha kawaida; ulinganisho huo ukikosea, hipokampasi itaonekana imekatwa vizuri kabisa, lakini ujazo uliorekebishwa kwa ukubwa wa kichwa utakuwa umeharibika. Fungua talairach.xfm, faili la ulinganisho huo, kwenye Freeview (programu ya FreeSurfer ya kutazamia picha) kwa kila kichwa ambacho eTIV yake iko mbali na wenzake.

Na uwiano wa juu kati ya programu mbili haumaanishi zinakubaliana. Chora grafu ya Bland-Altman, inayoonyesha tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake, hasa kwa amigdala, sehemu ya ubongo iliyo jirani na hipokampasi: ni ndogo, mipaka yake imefifia, na hapo ndipo zinapopishana zaidi.