Kitongoji cha watu 480

Siku nzima nimekuwa na namba moja kichwani: 500. Huko vijijini India, mara nyingi ndiyo inayoamua kama kitongoji kitapata barabara au kitaendelea kungoja. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza Desemba 2000, unachukua vitongoji vya tambarare vyenye watu 500 na zaidi, na 250 kwa milimani. Awamu ya nne, iliyopitishwa Septemba 2024, inalenga vitongoji 25,000 na kilomita 62,500 za barabara. Lakini watu wanaohesabiwa ni wa sensa ya 2011! Ile ya 2021 haikufanyika, na inayofuata imepangiwa 2027. Kilichokuwa na watu 480 wakati ule, kwenye makaratasi bado kina 480.

Upo upenyo. Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 vinaruhusiwa kujumlishwa, na milimani ni kilomita 1.5 kwa njia ya miguu. Chenye watu 300 na jirani yake mwenye 220 vinapita pamoja. Ila mita hizohizo zinakata kuwili: kitongoji kisichofika mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima huhesabiwa kuwa tayari kimeunganishwa, hata kama katikati pana kijito.

Ugumu mwingine ni kwamba jedwali la sensa hutoa idadi ya kijiji kizima. Kijiji cha watu 1,400 kinaweza kuwa na vitongoji vitatu, kimoja barabarani na viwili ng'ambo ya mashamba, na vyote vikasomeka kwa mstari mmoja. Ukitaka hesabu ya kitongoji, inabidi ushuke hadi kwenye kaya.

Orodha ya sensa ya huduma za vijiji nayo isomwe taratibu. Ina safu ya basi la umma, basi la binafsi, reli, bajaji, teksi, trekta, hadi mkokoteni wa kukokotwa na wanyama. Huduma isipokuwepo kijijini huandikwa herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Mimi hiyo a siiamini. Kilomita moja ni a, na nne na nusu ni a vilevile. Kwa mama mjamzito, hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Tena penye "basi lipo", orodha haisemi linapita mara ngapi. Basi la asubuhi moja tu, lisilorudi hadi jioni, linamfaa mwanafunzi. Mgonjwa wa saa nane mchana halimsaidii.

Halafu kuna hiyo "inayopitika mwaka mzima". Mwongozo wa mpango haudai lami. Unadai maji yapate njia: mitaro, makalavati, madaraja madogo, na unakubali barabara kufungwa kwa muda fulani. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama wa Vidarbha na Malwa katikati mwa India, hapo ndipo kazi inapoharibika. Udongo ule hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Kalavati likiziba kwa majani na tope, maji husimama ubavuni mwa tuta na kuingia chini, tuta likalainika. Trekta lenye tela la miwa likipita, ukingo unabonyea, lami inapasuka kwa urefu, na mvua inayofuata inaingilia kwenye ufa. Njia yenyewe kwa kawaida ina upana wa mita 3 hadi 3.75, kwa hiyo ukingo mmoja ukimeguka basi halipiti, bajaji inajipenyeza.

Ndiyo maana makalavati huzibuliwa kabla ya Juni, mvua za monsuni hazijaingia, na nyufa huzibwa zikiwa bado nyembamba. Mkandarasi anabanwa na mkataba kuitunza barabara kwa miaka 5. Baada ya hapo mzigo ni wa serikali ya jimbo. Kwa hiyo ukiambiwa kijiji kina barabara, uliza imejengwa mwaka gani.