Nilivyofundisha saketi za umeme kidato cha pili bila maabara na bila intaneti

Mi nafundisha fizikia shule ya kata huku milimani Kilosa. Jengo la maabara tunalo lakini ndani kuna meza na chupa chache za kemia, amita, kile kifaa cha kupima mkondo wa umeme, hamna hata moja, kwa iyo mada ya umeme nlikuwa naifundisha kwa chaki tu miaka minne mfululizo, nachora betri nachora balbu nachora mishale, watoto wanakopi vizuri kabisa, af kwenye mtihani ukiwauliza balbu mbili zikiungwa sambamba, yaani kila moja na njia yake toka kwenye betri, mwanga wake unakuwaje wanakuandikia unagawanyika nusu kwa nusu kwa sababu betri ni moja. Na mtoto anaamini kabisa anachoandika. Iliniuma sana, maana hao hao ndo wanaenda kufunga umeme kwenye nyumba zetu.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu ndo alinionyesha PhET, majaribio ya sayansi ya kufanya kwenye kompyuta, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, aliuanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Ni bure. Unavuta betri, waya, balbu na swichi unaziunga kwenye skrini, unaona vitone vya bluu vinatembea kwenye waya kama elektroni zenyewe, na ukiunga waya moja kwa moja toka upande mmoja wa betri hadi mwingine betri inawaka moto. Kuna voltimita na amita. Yaani nlipoiona nlikaa nayo hadi saa sita usiku.

Kosa langu la kwanza nliingia nayo darasani kwa intaneti ya simu. Watoto 64, kipindi dakika 40, mtandao ukawa unazunguka tu mpaka kengele ikagonga. Baadae ndo nikajua kila zoezi la PhET unaweza kulishusha kama faili moja, ukilibonyeza linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao kabisa, tena hata kwenye laptopu ya zamani. Jumamosi nikashuka mjini, nikashusha ninayoyahitaji mwaka mzima, nikaweka na kwenye flashi mbili, moja yangu moja ya ofisi ya taaluma. Kama upo sehemu isiyo na mtandao fanya hivo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Projekta naazima parokiani. Jua la huku likishapanda huoni kitu ukutani hata uzibe madirisha kwa khanga, nlijaribu, kwa iyo nikamwomba mkuu wa shule anihamishie fizikia vipindi vya kwanza asubuhi, akakubali. Laptopu naichaji usiku nyumbani. Umeme ukikatika projekta imekufa, basi nawagawa makundi wanakuja mezani kwa zamu huku wengine wanafanya maswali.

Sasa hapa ndo nataka niseme vizuri, maana vifaa ni nusu tu. Kipindi cha kwanza kilichofanikiwa kiufundi watoto walifurahi mno, betri ilipowaka moto walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mwisho wa kipindi nikawapa lile lile swali la balbu mbili sambamba. Majibu yale yale! Walikuwa wameangalia kama wanavoangalia mpira, wamefurahia, basi. Nlirudi nyumbani na huzuni kweli.

Wiki iliyofuata nikabadilisha kitu kimoja. Kabla sijabonyeza chochote kila mtu anaandika kwenye daftari kitatokea nini na kwa nini, af anamweleza jirani yake, kwa Kiswahili, Kiingereza tunakiandika mwishoni tukishaelewana. Betri kwenye ile programu inaanza na volti 9 na balbu ina ukinzani wa omu 10, kwa iyo balbu moja amita inasoma ampea 0.9. Nikauliza nikiongeza ya pili kwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja? Wengi walipata, 0.45. Haya, sambamba? Karibu darasa zima wakaandika 0.45 tena. Nikabonyeza, kila balbu 0.9, mwanga haujapungua hata kidogo, nikahamishia amita kwenye waya wa betri ikasoma 1.8. Kimya. Yaani kimya cha watu wanaofikiri, af wakaanza kubishana wenyewe, mmoja akasema kwa iyo betri ndo inaumia, inatoa mara mbili, itaisha haraka. Sikumfundisha mimi hilo.

Kipindi kilichofuata nikaleta vitu halisi, mawe mawili ya tochi, balbu ndogo za tochi, waya za redio mbovu na gundi ya karatasi. Sikutaka waishie kwenye skrini. Tukaunga balbu moja, ikawaka. Tukaongeza ya pili sambamba na wote tukaona zimefifia kidogo. Binti mmoja anayekaa mbele, ambaye huwa haongei kabisa, akasimama akasema madamu, kompyuta imetudanganya.

Ningeweza kumwambia kaa chini, kipindi kinaisha. Nikamwambia umeona sawasawa, nipe siku moja. Usiku nikakumbuka kwenye ile programu kuna sehemu ya pembeni ya kubadilisha ukinzani wa ndani wa betri, yaani vile betri yenyewe inavyouzuia umeme kupita ndani yake, na unaanza ukiwa sifuri, yaani betri kamilifu ambayo duniani haipo. Ukinzani wa ndani ni mada ya mbele lakini ningeiacha vipi? Asubuhi nikaupandisha hadi omu 2 mbele yao. Balbu moja ikasoma 0.75. Zikawa mbili sambamba, kila moja ikashuka hadi 0.64, na mwanga ukafifia kama wa jana mezani. Tukapiga hesabu ubaoni, omu 10 mbili sambamba ni 5, jumlisha 2 za betri ni 7, 9 gawa kwa 7, af gawa kwa mbili, ikatoka ile ile. Wakapiga makofi.

Kwa shule zenye kompyuta kadhaa kuna Kolibri pia, programu ya bure ya masomo, unaiweka kwenye kompyuta moja, zingine zinasoma toka kwake kwa mtandao wa ndani bila intaneti. Ruta ya zamani isiyo na laini inatosha kuziunganisha. Sisi kompyuta bado, ila ruta nimeshaipata.

Yule binti, kesho yake baada ya ile hesabu ya ubaoni, alikuja na mawe mapya mawili toka dukani kwa baba yake. Akasema ya juzi yalikuwa yamechoka madamu, ukinzani wake wa ndani umeshapanda, haya hayatafifia sana. Tukaunga kabla ya mstarini, watoto wametuzunguka, balbu ya pili ikaingia na ile ya kwanza ikabaki karibu vile vile.