Vigimbi

Jana jioni kitinda mimba wangu alikuwa anaandika alama ya kuuliza, ukurasa mzima, kama mwalimu alivyomwagiza. Mistari yote ikajaa kulabu ndogo zilizolalia upande. "Mama, mbona imepinda huku juu tu?" Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimesharudi machinjioni.

Ilikuwa masika, Morogoro, utafiti wangu ukiwa mchanga. Tulikuwa tunafika alfajiri kuchukua mkojo na vipande vya figo za ng'ombe, na damu ya wafanyakazi waliokubali. Kijana mmoja mchuna ngozi alikuwa amevaa kandambili, maji ya damu na mkojo yakimfika vifundoni. Nikiwa namfunga mpira mkononi akasema, "Dokta, leo nimejikongoja tu. Homa siku ya nane hii, na vigimbi vinauma kama nimelima heka mbili." Zahanati walishampa dawa mseto ya malaria. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pale nani hakuwa na macho mekundu, kwa moshi na kukesha? Nikaandika namba kwenye kichupa, nikamwambia arudi zahanati homa isiposhuka, nikamwita anayefuata.

Vigimbi. Maumivu ya vigimbi na macho mekundu yamo katika kila kitabu nilichowahi kushika cha leptospirosisi, homa ya bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama.

Wiki kadhaa zilipita kabla zamu ya kichupa chake kufika. Kipimo chenyewe kinataka subira: unachanganya majimaji ya damu na leptospira, bakteria wa ugonjwa huo, walio hai, unawaacha, kisha unawatazama kwa hadubini ambayo ndani yake kote ni giza na wao peke yao wanang'aa. Kwenye damu isiyo na kingamwili wanaogelea huru, nyuzi nyembamba za fedha zinazojizungusha mbio, ncha zimepinda kama kulabu. Mtafiti Stimson aliwaona hivyo mwaka 1907 ndani ya figo ya marehemu, akawaita interrogans, wenye kuuliza. Marehemu yule alisemekana kafa kwa homa ya manjano.

Usiku ule nilipita kishimo baada ya kishimo cha sahani ya vipimo, nyuzi zikicheza. Nikafika kimoja ambamo hakukuwa na mchezo. Walikuwa wamegandana mafungu mafungu, kama pamba iliyoloa, na wachache waliobaki pembeni wakihangaika. Nikatazama kishimo chenye damu iliyozimuliwa zaidi: wamegandana. Kinachofuata: wamegandana. Jicho likaanza kutoa machozi lakini sikuliondoa, kwa sababu nilijua nikiliondoa itabidi nifungue daftari. Mwishowe nikafungua, nikafuata namba kwa kidole. Ni yeye.

Asubuhi nilikwenda machinjioni nikitetemeka. Nilimkuta, amekonda, yu hai. Alikuwa amelala kitandani majuma matatu, mkojo ukiwa kama chai ya rangi. Nikamweleza kwamba haikuwa malaria. Kwamba bakteria hao hukaa ndani ya figo za ng'ombe na panya, hutoka na mkojo, na huingia mwilini kupitia mchubuko au jicho. Kwamba dawa zake zipo, na hufaa zaidi zikiwahi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Siku ile unanitoa damu, ulikuwa umeshajua?"

"Sikujua," nikasema. Ni kweli, sikujua. Lakini kuna kujua na kuna kushuku, na vigimbi nilivisikia vizuri sana. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ngozi yake. Kandambili zilezile.

Baadaye nilisoma utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Nilisoma ukurasa ule mara tatu, nikimwona yeye.

Julai 2022 ilipotangazwa homa ya mgunda, ndiyo leptospirosisi, kule Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa 20 na vifo vitatu, wenzangu walifurahi kwamba hatimaye ugonjwa wetu umepata jina ambalo mkulima analielewa. Nami nilifurahi. Kisha nikaitafuta namba yake ya simu. Haipatikani.

Jana, mtoto alipolala, nimeipiga tena.