Jani la jimbi, jicho la nondo na kamera zetu za Pwani

Mwaga maji kidogo juu ya jani la jimbi uone. Hayashiki, yanajikusanya tone tone, ukiliinamisha tu yanaviringika mpaka chini na vumbi yanalibeba. Siri ni vinundu vidogo mno vyenye nta, tone linakaa kwenye ncha na chini yake kuna hewa. Mjerumani Wilhelm Barthlott alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1997 kwa jani la lotasi, ua la majini.

Mie natamani sana hii kitu ifike kwenye vioo vya kamera za ulinzi na sola huku kwetu, manake Mombasa chumvi haina huruma, kamera ikitazama bahari kama pale Mama Ngina kioo kinafanya utando mweupe, usiku taa za gari zikiipiga huoni sura ya mtu wala namba ya gari.

Sasa ukiiga jani vile lilivyo kioo kitapata ukungu, vinundu vyake ni vikubwa vinatawanya mwanga. Hapo ndo anaingia nondo, yule mdudu anayezunguka taa usiku. Jicho lake lina vinundu vya kama nanomita 200 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni) na mwanga tunaouona mawimbi yake ni nanomita 400 hadi 700, kwa hivyo mwanga hauwezi kukitambua kinundu kimoja kimoja, unaingia taratibu kama gari linavyoshuka rampu ya feri Likoni, haukutani na mpaka wa ghafla wa kuurudisha. Kioo kitupu kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, na lenzi ina vioo kadhaa, hebu piga hesabu.

Na vinundu peke yake havitoshi jamani! Kioo chenyewe kinapenda maji, ukikichonga bila kukipaka dawa ya kukataa maji ndo kwanza yanatandaa zaidi.

Adui mkubwa ni kusugua. Pitisha kitambaa chenye chumvi, ncha zinavunjika, mafuta ya vidole nayo yanajaa katikati. Ndo maana kwa simu sioni kama pa kuanzia, inashikwa kutwa. Ila kamera ya juu ya nguzo na sola ya paani nani anazigusa? Mvua ya masika itaziosha. Kinachonitia wasiwasi ni umande wa alfajiri, ule unageuka maji humo humo katikati ya vinundu na tone halitoki tena, kwa hivyo wanaotengeneza waje wavijaribu hapa hapa, kwa joto na chumvi yetu, kabla hawajatuuzia.