Kijipinde cha Rubli Elfu Tatu

Wenzangu wa bweni walikwenda kula likizo ya Februari Saint Petersburg. Mimi nikakata tiketi ya Ulyanovsk, mji ulio ukingoni mwa mto Volga, kwa kuwa niliambiwa huko kuna mnara wa herufi. Si wa mshairi wala wa jenerali. Wa herufi moja tu, ё, ile e yenye nukta mbili kichwani, inayosomwa "yo". Nilikuwa nimeteswa na Kirusi katika darasa la maandalizi tangu nifike Moscow, kwa hiyo nilitaka kumwona mtesi wangu ana kwa ana.

Habari ya treni naiacha: behewa la bei ya chini, kitanda cha juu jirani na choo, joto la tanuri, chai ya kulipia. Mkasa wenyewe ulianzia hosteli.

Nilikuwa nimeshalipia usiku wa kwanza, rubli 800, kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wanane. Nilifika alfajiri, kope zimeganda barafu. Dada wa mapokezi akapokea pasipoti, akapokea na tafsiri yake ya Kirusi yenye muhuri, akafungua ukurasa wa viza, akaviweka sambamba na kuanza kusoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Kwenye viza wewe ni ХУССЕИН. Kwenye tafsiri wewe ni ХУССЕЙН."

Nikainama kutazama jina langu, Hussein, kwa herufi za Kirusi. Kilichozidi ni kijipinde kidogo juu ya и, ambacho wenyewe hukiita kratka. Kisipokuwepo, unasoma "i" kamili yenye silabi yake. Kikiwepo, herufi inageuka й na sauti yake ni "y" fupi. Bibi yangu kule Tanga aliniita Huseni hadi alipofariki, na sikuacha kuitika hata siku moja.

"Dada, ni jina lilelile," nikasema.

"Ni herufi mbili tofauti."

Nikamwonyesha pasipoti yenyewe, HUSSEIN kwa herufi za Kilatini, haina kijipinde wala nukta. Akasema fomu yake ya kusajili wageni hujazwa kwa Kisirili, yaani hizo herufi za Kirusi, na akijaza jina moja halafu ukaguzi ukakuta jingine, faini ni ya hosteli. Akampigia bosi wake. Nikawa namsikia akilitamka jina langu mara hivi, mara vile, kama anayejaribu viatu dukani. Jibu la bosi: niende kwa mthibitishaji wa nyaraka nikafanyiwe tafsiri nyingine, inayofanana na viza. Siku yenyewe Jumamosi. Je, hela yangu? Hairudi, masharti yanasema hivyo.

Ningevumilia yote hayo lau si tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, la saa ya kuachia chumba: Расчетный час 12:00. Neno hilo la kwanza, kwa haki yake, lina ё. Wao wameandika е mtupu. Nikalinyooshea kidole. "Na hapo je, dada? Nukta zimekwenda wapi?"

Akageuka, akalisoma, akanirudia bila hata kutabasamu. "Hilo kila mtu anajua linavyosomwa."

Basi ndiyo sheria yenyewe. Nukta mbili za ё unaweza kuziacha kwenye gazeti, kwenye tangazo, hata kwenye kibao cha barabarani, na hakuna atakayekuuliza. Alama za mkazo kwa kawaida hazichapwi ila kwenye kamusi, vitabu vya watoto na vya wageni kama sisi. Lakini kijipinde cha й ukikiacha umekosea tahajia. Vyote hivyo vinakaa juu ya herufi, kila kimoja na cheo chake, na mgeni atajijua mwenyewe.

Nikaburuta begi hadi hoteli moja karibu na kituo, rubli 3,000, fedha ambayo bwenini ningeila wiki nzima. Pale mhudumu alinakili jina kutoka kwenye herufi za Kilatini, akanipa ufunguo, akarudi kwenye simu yake. Kifungua kinywa kilikuwa ndani ya bei, na nilihakikisha wamejuta.

Mnara upo kwenye bustani ya Novy Venets, juu ya genge refu linalotazama Volga. Mto ulikuwa umeganda wote, na kule katikati walionekana wavuvi wamekalia masanduku, kila mtu na tundu lake. Mnara ni jiwe la graniti lililosuguliwa, na ё ndogo imechongwa ndani yake. Mchongaji ni Aleksandr Zinin, na lilizinduliwa mwaka 2005. Limewekwa hapa kwa sababu ya Nikolai Karamzin, mwandishi na mwanahistoria, mtu wa pande hizi tangu mji ukiitwa Simbirsk. Mwaka 1796 alichapisha mkusanyo wa mashairi wenye herufi hiyo, na watu wakampa sifa zote. Kumbe mwaka mmoja kabla yake Ivan Dmitriev alikwishaichapa, naye ni mtu wa pande hizihizi. Na wazo lenyewe ni la mwanamke, Yekaterina Dashkova, mkuu wa Akademia ya Urusi, aliyewauliza wenzake mwaka 1783 kwa nini sauti moja iandikwe kwa herufi mbili. Yeye hapo hatajwi sana. Hilo nalo silishangai.

Nukta hizo kutoandikwa kumeleta mengi. Sisi na redio zetu tulimwita yule kiongozi wa Kisovieti "Gorbachev" miaka yote, wakati jina lake kwao huishia na "-chof", kwa kuwa lina ё inayochapwa е.

Upepo wa genge ulinikimbiza, nikaingia kanisani kuota moto. Mama aliyekuwa akiuza mishumaa alikuwa na vitabu vya sala vya Kislavoni cha Kanisa, lugha yao ya kale ya ibada, na karibu kila neno lilikuwa na alama ya mkazo. Nikakumbuka chuo cha Kurani kwetu: msahafu una alama zote za irabu, mtu asije akapotoa neno la Mungu, lakini gazeti la Kiarabu huziacha karibu zote, ujijue. Huku aliyezifyeka alama hizo kwenye vitabu vya kawaida ni mfalme wao Petro Mkuu, alipoleta herufi mpya za kiraia mwaka 1708. Hata kijipinde cha й alikiondoa, kikarudishwa mwaka 1735. Kwa hiyo kipindi hicho ningelala hosteli bila ugomvi.

Siku iliyofuata sina la kusimulia, nililala.

Kwenye treni ya kurudi, kitanda cha chini alikuwapo bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Aliposikia mkasa wangu alicheka hadi akavua miwani. Akachukua kalamu ya risasi, akaandika pembeni mwa gazeti плачу mara mbili, akatia mkazo tofauti kila mahali. Ukikazia mwanzo, "ninalia". Ukikazia mwisho, "ninalipa". Nikamwambia usiku ule nilifanya yote mawili.

"Kwenu mkazo unakaa wapi, mwanangu?"

"Silabi ya pili kutoka mwisho, bibi. Kila neno."

"Kila neno?" Akaniangalia kama nimemwambia kwetu umeme ni bure. Ikabidi nikiri kuna barabara ya kupitia magari na barabara ya kusema sawasawa, akaridhika.

Kisha akanieleza yake. Jina la ukoo la mumewe lina ё. Cheti cha ndoa kimeandikwa kwa nukta, kitabu chake cha kumbukumbu za kazi hakina nukta. Alipostaafu, miaka yake ya kufundisha ilionekana ni ya mwanamke mwingine, ikabidi aende mahakamani kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Nikafikiria nyumbani, watu wanavyopanga foleni kula kiapo kwamba Husein, Huseni na Hussein ni mtu mmoja, sababu shule iliandika hivi na zahanati ikaandika vile. Treni ilipofika penye mtandao nikamwandikia mdogo wangu Tanga anitazamie cheti changu cha kuzaliwa, jina limeandikwaje.

Akajibu: "Kipi, kaka? Viko viwili."