Bunduki ya Upepo ya Jirani Yangu na Bei ya Mkono wa Fundi

Jumamosi moja fundi mmoja wa silaha, hapa Birmingham ninakoishi, aliniandikia makadirio ya pauni 140. Hiyo ni gharama ya kufungua bunduki ya upepo, kubadilisha washa moja ya ngozi ya kuzuia upepo usivuje na springi moja, kuondoa kutu ya juu juu na kuifunga tena. Vipuri vyenyewe, kwa mujibu wa karatasi yake, havifiki pauni 25; kilichobaki chote ni mkono wake. Msomaji uliyeko Muheza au Machakos unaweza kuzidisha mwenyewe, kisha ukumbuke mara ya mwisho ulipomwambia fundi, "Punguza bwana, kazi yenyewe ya nusu saa."

Bei ningeimeza, kwa kuwa nimekaa huku miaka kumi na moja na nimeshazoea kumeza. Kilichonikwama kooni ni swali aliloniuliza wakati anaandika: je, huko kwenu mtu kama wewe huruhusiwa kweli kushika kitu kama hiki? Aliuliza kwa upole, bila kuinua macho, kama mtu anayeuliza iwapo nitalipa taslimu au kwa kadi. Niliichukua bunduki, nikaifunga zipu ya mfuko wake, nikaiweka kwenye buti la gari na kurudi nayo nyumbani, nikiwa nimeamua njiani kwamba nitaitengeneza mwenyewe hata kama itanichukua majira yote ya baridi.

Bunduki si yangu. Ni ya jirani wa upande wa kushoto, mzee aliyevuka miaka themanini, ambaye baba yake alimnunulia ikiwa mpya alipokuwa mvulana, katika miaka ya 1950. Ni BSA Cadet Major, ya kipenyo cha milimita 4.5, ile ya kuvunja mtutu kuelekea chini ili kuikoki. Mzee huyu ndiye aliyenionyesha, msimu wangu wa kwanza wa theluji, jinsi ya kufunga bomba la nje lisipasuke, na hakunidai hata asante. Mwezi uliopita alinikabidhi bunduki hiyo ikiwa imevikwa foronya, akasema haijafyatuliwa kwa zaidi ya miaka thelathini na kwamba angependa kuisikia mara moja tena.

Nilipofuta vumbi kwenye chuma nilikuta alama ninayoifahamu tangu sijajua kusoma, yaani bunduki tatu zilizoegemezana kama mafiga yaliyosimama. Alama hiyo ilikuwa kwenye baiskeli ya marehemu babu. Sisi wajukuu tuliamini kwamba aliipata kwa sababu alikuwa askari, kumbe kiwanda ni kimoja. BSA ni ufupisho wa Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji huu, ikajenga kiwanda chake Small Heath, kisha biashara ya silaha ilipolegea ikageukia baiskeli na baadaye pikipiki. Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga kiwanda hicho, na wafanyakazi 53 wakafa. Mimi hupita Small Heath kwa basi kila siku ya kazi, na kwa miaka yote hiyo sikujua kwamba baiskeli iliyombeba bibi yangu kwenda kujifungua ilianzia mitaa ile.

Kabla sijaendelea, niseme na vijana wanaoniandikia kila wiki kuuliza habari za kuja huku. Hapa England na kule Wales, bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16, haihitaji leseni kwa mtu mzima asiye na kifungo nyuma yake. Ukivuka mpaka ukaingia Uskoti mambo ni mengine, kwani tangu tarehe 31 Desemba 2016 unatakiwa uwe na cheti. Na hata huku kusipohitajika leseni, kuibeba hadharani bila sababu ya maana ni kosa, na risasi yako ikivuka ua wa bustani bila ruhusa ya mwenye eneo la pili ni kosa pia. Mzungu akionekana na bunduki barabarani ataulizwa anakwenda wapi. Wewe usifanye jaribio la kujua utaulizwa nini. Nyumba yangu na ya mzee zimetenganishwa na ukuta mmoja, lakini bunduki ile ilivuka ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na mimi nikiwa na moyo unaodunda kama mwizi wa kuku.

Kwetu wengi tuliishia kwenye manati, kwa kuwa neno bunduki peke yake lilitosha kumleta mjumbe wa nyumba kumi mlangoni. Kwa hiyo nilikuwa sijawahi kuona utumbo wa kitu hiki. Ndani yake kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayosukumwa na springi ndefu. Ukivunja mtutu, pistoni inarudi nyuma na springi inabanwa hadi inanaswa. Ukivuta kifyatulio, pistoni inaruka mbele na kuusukuma upepo wote kupitia kitundu kidogo kilicho nyuma ya risasi. Mbele ya pistoni kuna kikombe cha ngozi, ndiyo ile washa, kinachozuia upepo usivuje. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo ni pampu ya baiskeli iliyotiwa mtutu, na mimi ni mtoto wa fundi baiskeli.

Kazi ya hatari ni kuitoa springi. Hata bunduki isipokuwa imekokiwa, springi hukaa imebanwa, na ukifungua kizibo cha nyuma bila kuishikilia inaweza kukung'oa meno. Nilinunua klampu ndefu ya seremala kwa pauni 6 kwenye gulio la mitumba, nikaweka kipande cha mbao laini kila upande, nikaibana silinda, kisha nikalegeza taratibu robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku mke wangu amesimama mlangoni akiuliza kama bima ya maisha inahusu na upuuzi. Springi ilitoka imepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Nyuma yake ikafuata pistoni, na juu yake kile kikombe cha ngozi, cheusi, kigumu kama kashata ya mwaka jana. Nilipokigusa kwa ncha ya bisibisi kilivunjika vipande vitatu.

Springi niliagiza mpya, ila washa sikuagiza. Baba alikuwa akitengeneza washa za pampu kwa ngozi ya viatu vilivyokufa, nami nikafanya alivyofanya: nilikata duara kwenye mkanda wa zamani, nikaliloweka kwenye maji ya vuguvugu hadi likalainika, nikalisukuma kwa kichwa cha boliti ndani ya kipande cha bomba chenye upana wa silinda, nikaliacha likauke humo siku mbili, kisha nikakata ukingo kwa wembe. Kikombe cha kwanza kiliharibika kwa sababu niliharakisha kukikausha juu ya redieta, ngozi ikajikunja. Cha pili kilikaa. Nikakilowesha usiku kucha kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe, ambayo huku huuzwa kwa wenye farasi kwa bei ya manukato, halafu nikakikamua vizuri. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni, upepo unapobanwa hupata joto la kuyawasha, kama inavyotokea ndani ya injini ya dizeli, na bunduki hulipuka kwa kishindo kisichostahili umri wake.

Kutu niliisugua kwa stilwaya laini na mafuta mepesi, kwa mkono mwepesi, maana alama ya bunduki tatu imechongwa kidogo tu na ukikazana inaondoka. Kitako nilikiosha na kukipaka mafuta ya mbegu za kitani mara tano, nikiacha siku nzima baina ya kila mpako. Mkwaruzo mmoja mrefu karibu na shavu sikuugusa. Mzee alishaniambia kwamba aliupata siku alipoanguka kutoka kwenye mti wa mpera wa Ulaya, na hakusema kwa majuto.

Jumapili alasiri nilimwita bustanini kwangu. Nilikuwa nimejaza sanduku nene la mbao magazeti na udongo, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa matofali, na kipima mwendo nilichoazima kilionyesha mita 160 kwa sekunde, ambazo kwa kirisasi cha nusu gramu ni jouli sita na kitu, mbali kabisa na mpaka wa sheria. Mzee aliukunja mtutu kwa mikono inayotetemeka, akakataa nisimsaidie, akafyatua mara tano. Mbili ziliingia kwenye karatasi. Baada ya ya tano aliisogeza silinda sikioni, akasema springi inalia kama kitanda cha hoteli na kwamba inataka grisi nzito zaidi. Ni kweli, niliibania grisi.

Aliuliza ninamdai kiasi gani. Nilimwonyesha ile karatasi ya pauni 140. Aliisoma mara mbili, akatukana tusi ambalo sitalitafsiri, akarudi kwake polepole, na alipotoka tena alikuwa ameshika pampu ya baiskeli ya chuma ambayo haivuti upepo. Ipo mezani kwangu sasa. Mkanda bado umebaki wa kutosha washa moja.